Ushauri wa Shangazi: Kila Nikitoka na Wanangu, Narudi Nikilia

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu na ninaishi Likoni, Mombasa. Wa kwanza ni mvulana wa miaka 6, wa pili ni msichana wa miaka 4, na kitinda mimba ana mwaka mmoja na nusu. Mume wangu hufanya kazi ya zamu bandarini, na akitoka zamu ya usiku hulala mchana katika nyumba yetu ya vyumba viwili, kwa hiyo huwa natoka na watoto ili apate usingizi. Jumapili iliyopita nilivuka nao kwa feri saa 9 alasiri kwenda bustani ya Mama Ngina, kule kisiwani. Wakati wa kurudi, binti yangu alitaka mabuyu, nikamkatalia kwa kuwa alikuwa ameshakula pakiti nzima, naye akajitupa chini gatini huku watu wakitupita. Mdogo alikuwa amepoteza champali moja na mkubwa alikuwa akilia njaa. Mama mmoja nisiyemjua akaniambia, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Nilimpiga binti yangu kofi mbele za watu, na usiku nikalia peke yangu.

Tangu siku hiyo hatutoki ila kwenda shuleni na dukani, na hata dukani tunachelewa kwa sababu huyu wa kati husimama kila anapomwona jongoo. Mume wangu anasema nikae nao nyumbani mpaka wapate akili. Mavyaa anasema yeye alilea saba na hakuna aliyemwaibisha njiani. Wenzangu nao kila wiki huweka picha za matembezi simuni, watoto wamevaa nguo nyeupe na wanatabasamu. Sasa wifi yangu anayekaa Bamburi ametualika tutembelee bustani ya wanyama ya Haller Park shule zikifungwa Agosti. Je, nimkatalie?

Mama Watatu, Likoni

Marahaba, mwanangu.

Jibu la swali lako la mwisho ni fupi: usimkatalie wifi yako. Lakini safari hiyo ya Bamburi itakuwa ya raha au ya kilio kutegemea jinsi utakavyoielewa Jumapili ile, na ndiyo maana nataka tuitazame kwanza, kwa sababu katika barua yako yote umejihukumu wewe na ukamhukumu binti yako, ilhali saa mliyotoka hukuihukumu hata kidogo.

Ulitoka nyumbani saa 9 alasiri. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyeamka alfajiri, kama wanavyoamka wengi wa umri huo, akivushwa maji kabla hajapata usingizi wake wa mchana anaondoka nyumbani na deni ambalo litadaiwa njiani. Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 unasema kwamba mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa siku, na wa miaka 3 hadi 4 saa 10 hadi 13, pamoja na ule wa mchana. Hukuandika kama walilala siku hiyo, lakini nazijua nyumba za vyumba viwili ambamo baba amepumzika baada ya zamu: watoto hunyamazishwa tangu asubuhi, na mtoto anayenyamazishwa halali, hukaa tu akingoja mlango ufunguliwe. Ongeza jua la alasiri, msongamano wa kuingia ferini na chakula cha mchana kilichokwisha kushuka zamani, kisha mkarudi saa ile ile ambapo kila aliyekwenda kupunga upepo Mama Ngina naye anarudi kwake. Hata mimi, nisiyejitupa chini kwa urahisi, ningetafuta pa kujitupa.

Mtoto wa miaka 4 anajua kutaka kabla hajajua kusubiri. Uwezo wa kuzuia hasira hukomaa polepole kwa miaka mingi, na humtoroka mara tu anapochoka au kushikwa na njaa. Mabuyu yalibeba lawama ya mambo mengine. Ungempa, angelilia kitu kingine kabla hamjafika ng'ambo. Ama kuhusu mabuyu yenyewe, amua kabla ya kufunga mlango wa nyumba. Tia pakiti moja mkobani, na umwambie akiwa bado ametulia kwamba ataila mkishapanda feri ya kurudi, wala si kabla. Ukishasema, timiza hata kama amekuudhi njiani, kwani hukumwahidi kwa sharti la adabu, ulimpangia saa tu. Na uwe na kitambaa kilicholowa maji, maana vidole vyenye rangi ya mabuyu vikigusa leso yako utaisugua mpaka uchoke.

Yule mama wa gatini alitamka methali ya kweli mahali pasipofaa. Malezi yanayosemwa humo ni ya miaka, naye aliona robo saa. Angeweza kukushikia yule mdogo ili umwinue dada yake, na hilo lingemgharimu pumzi kidogo kuliko methali. Usimwekee kinyongo, lakini pia usimpe makao: yeye amekusahau kabla ya kufika kituo cha matatu, na wewe ndiye uliyekwenda naye nyumbani.

Kofi sitalipaka mafuta. Ulilipiga kwa aibu, kwa sababu watu walikuwa wakitazama, na nadhani hicho ndicho kilichokuliza usiku. Mwite binti yako wakati ambao nyote wawili mmetulia, pengine unapomsuka nywele, umwambie kwa maneno machache kwamba siku ile ferini ulimpiga na ulikosea, kwamba ulikuwa umechoka na yeye alikuwa amechoka. Usimhutubie, wala usimalizie kwa "lakini na wewe". Akijitupa siku nyingine, mwinue mtoke kwanza kwenye njia ya watu, mkae pembeni, umnyweshe maji, na usiseme mengi mpaka kilio kishuke, kwani mtoto anayepiga mayowe hasikii hoja. Feri ikiondoka, itakuja nyingine.

Sasa nikwambie jambo ambalo nadhani limekupita. Katika barua yako, feri ni kero ya kuvumiliwa ili mfike kwenye matembezi. Kwa wanao, feri ndiyo matembezi. Muulize mkubwa wako alichokiona Jumapili ile. Sidhani atakutajia mibuyu ya Mama Ngina, wala jinsi bustani ile ilivyotengenezwa upya mwaka 2019. Atakutajia ule ulimi wa chuma wa feri unavyokwaruza zege ukishuka, honi, moshi, pikipiki zinavyowasha injini kabla ya wakati, na kama mlibahatika, meli ya makontena inayoingia Kilindini, kubwa kuliko nyumba zote anazozijua, huku feri zikisimama kuipisha. Mtoto wa miaka 6 anaweza kufundishwa kuzitambua feri kwa majina, MV Kwale na MV Likoni zilizoletwa mwaka 2010 na MV Jambo ya mwaka 2017, akawa anabahatisha ipi itawahi kugusa gati. Huo ni mchezo wa asubuhi nzima, na hauhitaji kununuliwa.

Kwa hiyo mtakapoanza tena kutoka, vukeni tu. Msiende Mama Ngina wala mjini. Chagua Jumamosi asubuhi, wengi wanaokwenda kazini wakiwa wameshavuka, na watoto wako wakiwa wamelala vizuri na kula mahamri na mbaazi zao. Vukeni, mshuke upande wa kisiwani, mnunue dafu moja mgawane, mvuke kurudi. Mwenda kwa miguu halipi nauli ya feri, hivyo gharama yote ya safari ni hilo dafu. Mdogo mfunge mgongoni kwa leso na usimteremshe gatini kwa hali yoyote, hata akikupigia kelele sikioni. Wa kati mshike mkono wewe mwenyewe, na mkubwa mpe kazi ya kushika mkono wake wa pili, kwani mtoto mwenye kazi hatangitangi. Watu wakianza kusukumana, rudini nyuma msubiri feri inayofuata, na mkishaingia mkae mbali na magari. Mkifika nyumbani bado wanataka kuendelea, usijilaumu kwamba mmerudi mapema. Matembezi ya watoto wadogo hukatizwa yakiwa bado matamu.

Upande wenu huo wa Likoni mna pia ufuo wa Shelly, ambao haudai kuvuka popote. La kuzingatia hapo ni maji. Bahari yetu hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, ikichukua takriban saa 6 kutoka kupwa hadi kujaa, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50, kwa hiyo saa iliyowafaa Jumamosi hii itawakuta na bahari iliyojaa Jumamosi ijayo. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hutoka mbali na kuacha vidimbwi kwenye mwamba, na humo mna kaa wadogo wanaokimbia kiubavu, samaki wa ukubwa wa kucha, na kombe zinazotembea kwa sababu zina wapangaji ndani. Muulize mvuvi yeyote maji yanapwa saa ngapi, mfike kabla hayajatoka kabisa, na mgeuke mara yanapoanza kurudi, maana maji ya bamvua hayamngoji mtu. Wavalishe viatu vinavyofungika kwa ajili ya miiba ya mwambani. Champali zinazochopoka zibaki nyumbani. Kila mmoja awe na kikombe chake cha plastiki, kwani kimoja kwa watatu ni kuwaitia vita.

Na huyu binti anayesimamishwa na jongoo, mwache asimame. Ukiwa na haraka, mwache kwa jirani. Usipokuwa na haraka, jongoo ndiye safari ya siku hiyo. Tena wajua mnakoalikwa? Haller Park ilikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, ardhi iliyokwanguliwa ikabaki jiwe tupu. Mwaka 1971 mtaalamu René Haller alianza kupanda miti humo, na mvinje ulikuwa miongoni mwa michache iliyostahimili, lakini majani yake yakaanguka na kurundikana bila kuoza, mpaka wakaletwa majongoo, wakayala na kuyageuza kuwa udongo. Twiga na viboko mtakaowaona wanasimama juu ya kazi ya jongoo. Mweleze hivyo mapema, na siku ya safari umkabidhi jukumu la kuwatafuta majongoo chini ya mivinje wakati kaka yake amekodolea macho mamba.

Mumeo ana haki ya kulala, na kazi ya zamu si mchezo. Hata hivyo, hawezi kutaka mambo mawili yasiyokaa pamoja, watoto wasitoke na nyumba iwe kimya. Mweleze hivyo siku yake ya mapumziko, akiwa ameshakula, wala si asubuhi anaporudi na macho mekundu. Usimwombe akusaidie kulea, maana watoto ni wake. Mwombe jambo moja lililo wazi, kwamba katika siku zake za mapumziko iwepo asubuhi moja ya kuvuka na wale wakubwa wawili, wewe ukabaki na mdogo na ukalala. Akirudi ndipo mtakapozungumza vizuri kuhusu watoto kupata akili.

Mavyaa usibishane naye. Alilea saba, na simpingi, ila pengine aliwalea katika ua wenye mashangazi, majirani na watoto wakubwa wa kuwabeba wadogo, ilhali wewe una watatu na mikono miwili. Badala ya kujitetea, mchukulie maneno yake kwa heshima: "Mama, kwa kuwa wewe unawaweza, niwekee huyu mdogo Jumamosi asubuhi." Bibi anayejivunia malezi yake ataona haya kukataa. Picha za wenzako nazo ziache huko huko simuni. Nguo nyeupe ufuoni hudumu dakika 2, na hizo ndizo zilizopigwa picha.

Basi mjibu wifi yako kwamba mtakwenda, ila masharti yako uyataje sasa. Kutoka Likoni hadi Bamburi ni feri, kisha matatu kupitia mjini na daraja la Nyali, na watoto wakifika wameshachoka hata twiga hawatamtazama. Laleni kwake usiku wa kuamkia safari, na asubuhi mwende mapema kabla jua halijawa kali. Langoni ulizeni saa ya kulisha twiga, kwa kuwa wageni huruhusiwa kumlisha kwa mikono yao, na watoto wako hawatasahau ule ulimi mrefu ukizoa chakula kiganjani. Wewe ubebe mdogo, wifi amshike wa kati, mkubwa atangulie mahali mnapomwona. Chukua maji, ndizi na nguo za kubadilisha za mdogo, mengine ni mzigo. Saa 6 muwe mmerudi kwa wifi kwa chakula na usingizi, hata kama nusu ya bustani hamkuiona. Na wa kusema "sasa turudi" uwe wewe, si wifi wala watoto. Mwambie hilo wiki hii, kabla hajaanza kupanga kuwapitisha ufuoni Pirates mkitoka huko.

Shangazi