Shangazi, tangu rafiki yangu afariki naogopa kufa

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa historia, nina mke na watoto wawili. Mwaka jana rafiki yangu wa tangu sekondari alifariki kwa ugonjwa. Tulianza kwa kupigana ngumi bwenini, tukaishia kuwa ndugu. Tangu tumzike siwezi kulitaja jina lake. Usiku silali. Kifua kikibana kidogo nakimbilia hospitali, leo hii, kesho ile. Majibu ni mazuri lakini siyaamini. Nimesoma hadithi ya Gilgamesh nikitafuta faraja, nikakuta hata mfalme yule alirudi mikono mitupu. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Hadithi uliyoichagua inakuhusu mno. Gilgamesh, mfalme wa Uruk, katika nchi ambayo leo ni Iraki, naye alianza na Enkidu kwa kupigana mieleka mlangoni, kuta zikatikisika, ndipo wakapendana. Pamoja walimuua Humbaba, mlinzi wa msitu wa mierezi, kisha Fahali wa Mbinguni, na miungu ikaamua Enkidu afe. Hakufa vitani, aliugua kitandani siku 12. Gilgamesh akamlilia siku 6 na usiku 7, akakataa asizikwe, mpaka funza akadondoka puani mwa maiti.

Hapo parudie taratibu. Baada ya funza yule kilio kinageuka. Mfalme anaanza kujiuliza: nami nikifa, si nitakuwa kama Enkidu? Anavaa ngozi ya simba, anatokomea nyikani kutafuta uzima usiokwisha. Huzuni ya rafiki na hofu ya nafsi yake vimeshikana, naye anahangaikia hofu. Wewe vilevile, mwanangu. Vipimo vyote hivyo ni vya hofu. Huzuni yako hujaipeleka popote.

Ila yeye alikuzidi kwa jambo moja. Kila aliyekutana naye alimsimulia habari za Enkidu: Siduri muuza pombe kando ya bahari, Urshanabi mwenye chombo, hata Utnapishtim aliyeokoka gharika. Karibu maneno yaleyale, na hakuchoka kulitaja jina la rafiki yake. Basi anza nyumbani. Msimulie mkeo zile ngumi za bwenini. Nenda kwa wafiwa, ukae nao, mmzungumze marehemu. Wakikuambia mwanaume hujikaza, kumbuka kwamba shujaa huyo alijing'oa nywele kwa uchungu na hakuna aliyemvua ufalme.

Sasa hiyo mikono mitupu. Ni kweli alishindwa jaribio alilopewa na Utnapishtim, la kukaa macho siku 6 na usiku 7, na mmea wa kurudisha ujana alioupata kwa kuzama kilindini ukachukuliwa na nyoka alipokwenda kuoga. Lakini katika toleo la zamani zaidi la Kibabeli, Siduri alikuwa amekwisha kumpa jibu: kula ushibe, oga, vaa nguo safi, mtazame mtoto aliyekushika mkono, mkeo afurahi nawe. Alisikia, akaendelea na safari. Kwangu mimi hapo ndipo alipopoteza zaidi, kuliko kwa nyoka. Nawe wanao wanakushika mkono huku unahesabu mapigo ya moyo.

Kwa hiyo chagua daktari mmoja. Mweleze msiba na usingizi, usiishie kwenye kifua, na umwombe akuunganishe na mshauri nasaha, kwa sababu hofu ya namna hii ina matibabu. Mkeo aijue tarehe ya miadi, na kabla ya siku hiyo usipime kwingine, isipokuwa umezidiwa kweli. Hofu ikikuamsha usiku, mwamshe naye, umwambie unamkumbuka rafiki yako, na umtaje kwa jina. Majuma machache yakipita usingizi haujarudi, rudi kwa daktari huyohuyo.