Bibi Anakumbuka Peremende Tu

SWALI: Nakusanya kumbukumbu za waliokuwa watoto Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Bibi mmoja ananisimulia peremende na michezo tu. Habari za vita ziko wapi?

JIBU: Hizo ndizo habari za vita, mwanangu! Majenerali wameshaandikiwa vitabu vya kutosha. Peremende ziliingizwa kwenye mgawo wa serikali (kila mtu alipimiwa kiasi chake) Julai 1942, zikatoka kabisa Februari 1953. Aliyeanza kuzikosa akiwa na miaka 8 alikuja kuzinunua kwa uhuru akiwa mtu mzima. Atasahauje?

Muulize harufu ya mpira wa barakoa ya kujikinga na gesi, ile waliyokwenda nayo shule ndani ya boksi. Kama alikuwa miongoni mwa watoto waliohamishwa kutoka mijini kwa hofu ya mabomu Septemba 1939, muulize nani alimpokea, alilala wapi, mama yake alikuja kumwona lini. Akifika hapo, nyamaza. (Wahoji wengi tunapenda mno sauti zetu.)

Tarehe usimbane nazo, utazipata kwenye nyaraka. Na kinasa sauti usikizime mkishaagana. Mengi hutoka akikusindikiza mlangoni.