Kwa mnaoanza utafiti hapa Nairobi

Wengi wenu mtaripoti kwenye vituo vya utafiti vya Kabete, Muguga au Kasarani, au KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, mkiwa na kandarasi ya miaka miwili au mitatu. Zoeeni mapema kwamba kandarasi itaisha na swali mtaliacha hapo hapo, likimsubiri mwingine.

Tazameni chanjo ya malaria ya RTS,S. Kazi yake ilianza 1987. Kenya ilianza kuwapa watoto mwaka 2019, uzinduzi ukafanyika Homa Bay, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza itumike kwa upana Oktoba 2021. Aliyeianza akiwa na miaka 26 alikuwa anafikisha 60, umri wa kustaafu serikalini. Na hata sasa mtoto aliyechanjwa lazima alale ndani ya chandarua.

Mimi nimekuwa mtu wa kupe. Chanjo ya ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, iliyoanzia Muguga miaka ya 1970 humshangaza kila mgeni: ndama hudungwa vimelea hai vya ugonjwa wenyewe, na papo hapo hudungwa oksitetrasaiklini, kiuavijasumu kinachokaa mwilini kwa muda mrefu, ili augue kidogo tu na abaki na kinga. Inafanya kazi vizuri. Taabu ni kwamba vimelea hivyo huhifadhiwa ndani ya nitrojeni ya kimiminika, yenye nyuzi 196 chini ya sufuri. Sasa mfikishie mfugaji wa Kajiado aliyehamia malishoni, mbali na lami. Ndiyo maana wengine bado wanatafuta chanjo isiyodai baridi hiyo, na ndiyo maana nawaomba msimdharau dereva wa nitrojeni. Asipofika yeye, sayansi yetu yote imeishia Kabete.

Kwenye makongamano siku hizi huulizwa juu ya mustakabali wa binadamu, na wenzangu hujibu kwa akili mnemba na safari za sayari nyingine. Sawa. Mimi namfikiria Anopheles stephensi, mbu wa malaria mwenye asili ya Asia, ambaye huzaliana hata kwenye matangi ya maji mijini na tayari ameonekana kaskazini mwa Kenya. Jiji hili lina mgao wa maji, kwa hiyo kila ploti ina tangi juu ya paa. Huyo namwogopa kuliko roboti. Na tutakapotaka kujua kama ameingia, au kama mbu wetu wamebadilika, tutarudi kwenye sampuli za watu waliotutangulia, tukiombea lebo zisomeke.

Basi andikeni lebo. Tepu ya kawaida hubanduka kwenye baridi kali, wino wa kawaida hufutika kwa spiriti. Ombeni vifaa vinavyofaa hata kama mhasibu atanung'unika. Mwezi uandikwe kwa jina, kwa sababu 4/7 kwa Mmarekani ni Aprili. Stima ikipotea, msitosheke na mlio wa jenereta, nendeni mkasome joto la friza kwa macho yenu. Kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi inayoruhusu utafiti, kiombwe kabla ya kwenda uwanjani, si mkiwa tayari kwa chifu mnajieleza.

Kuhusu msimamizi nitasema kifupi: kabla ya kumkubali, watafute wanafunzi wake wa zamani, muulize walimaliza lini na kama majina yao yamo kwenye makala.

Daftari la maabara nalo lina kipimo chake. Mpeni mwanafunzi wa mafunzo ya kazi kurasa zenu za mwaka jana, afanye jaribio kwa kuzifuata bila kumsaidia, nanyi mkae karibu mkiwa kimya. Atakapokwama na kuuliza "hapa uliweka kiasi gani?", chukueni kalamu mwandike hapo hapo, pamoja na tarehe ya siku hiyo.