Ukihamisha seva hujahama sheria

Mkuu, simama hapo hapo. Usilipie hiyo seva, yaani kompyuta ya kuhifadhi faili za tovuti yako. Umeuliza nchi gani ina seva za bei nafuu, na kama ukihamishia tovuti huko, yule mfanyabiashara unayetaka kumwandika atakosa pa kukushtaki. Hatakosa!

Mimi aliyeniuzia nafasi ya seva aliniapia: "Faili zikikaa huku, hakuna mahakama itakayokugusa." Hadi leo nikimkumbuka damu inachemka. Kazi yake ni kuuza seva, sheria haijui, lakini alinishauri kama wakili. Nikaandika makala iliyomtaja mtu wa nchi nyingine, naye akanishtaki kwao kwa kashfa, yaani kumchafulia jina. Wito ulikuja kwa barua pepe, kurasa nne, juu mhuri wa mahakama, chini tarehe ya kufika. Nikausoma nimesimama, nikaufunga. Seva haiko kwao, mimi siko kwao, watanifanya nini?

Hapo ndipo nilipoharibu kila kitu. Nilinyamaza, mdai akapewa hukumu ya upande mmoja, yaani bila mimi kusikilizwa. Risiti na picha nilizokusanya kuthibitisha makala yangu hazikusomwa na hakimu yeyote. Kisha hukumu ikakaziwa, yaani ikatekelezwa, kwa kampuni ya matangazo iliyokuwa ikinilipa, kwa sababu ina ofisi kule. Fedha zangu za miezi saba zikaenda kwa mdai.

Na wala si jambo jipya. Mwaka 2002 mahakama ya juu kabisa ya Australia ilimruhusu mfanyabiashara Joseph Gutnick kuishtaki Dow Jones, kampuni ya habari ya Marekani, kwao jimbo la Victoria, ingawa seva zilikuwa New Jersey, kwa kuwa kashfa hutokea pale makala inaposomwa. Mwaka 2000 mahakama ya Paris iliiamuru Yahoo, kampuni ya Marekani, iwazuie watu walioko Ufaransa kufikia minada ya vitu vya Kinazi. Serikali ya nchi inajali kinachofunguka mbele ya watu wake, faili zilale popote.

Kwa hiyo achana na seva. Jiulize unayemtaja anaishi wapi, wasomaji wako wapi, na pesa zako zinapita wapi. Huko kote unashikika. Na wito ukifika, tafuta wakili wa nchi ile siku hiyo hiyo, hata kama ni kupinga tu kwamba mahakama ile haina mamlaka juu yako. Pingamizi hilo lina muda wake. Wa kwangu ulikwisha barua ikiwa bado kwenye kisanduku, imefunguliwa mara moja tu.