Mdogo wako anasoma mara nne halafu anasahau? Mfungishe kitabu

Dada wa Chang'ombe pole, nimekuelewa, dogo yuko fom wani hapo Dodoma, jioni anasoma stori ya Kiingereza mara tatu nne, kesho ukimuuliza hakumbuki kitu. Huyo mtoto sio mzito, usimwambie hivyo hata siku moja. Kurudia rudia kusoma kunamfanya ayazoee maneno akadhani ameshashika.

Asome mara moja kwa utulivu, afunge kitabu, aandike kwenye karatasi kila anachokumbuka, hata kwa Kiswahili kwanza sio mbaya, ndo afungue aone kaacha nini. Ile kuhangaika kukumbuka ndo inayokaza. Mwaka 2006 watafiti wawili, Roediger na Karpicke, kule Marekani waliwapima wanafunzi wa chuo, baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 81 na waliojipima kwa kuandika wanachokumbuka bila kuangalia 75, ila baada ya wiki mambo yakageuka, waliojipima 56, wenzao 42! Hao lakini hawakuwa wanajifunza lugha, kwahiyo dogo mchagulie stori fupi ambayo sehemu kubwa anaielewa, maana kama hajaelewa hakuna cha kukumbuka.

Na maswali yawe ya kujieleza, mfano kwa nini yule mama alirudi sokoni, sio kuchagua A B C tu. Akikosea mwelekeze palepale, kiboko weka mbali kabisa, alafu muulize tena keshokutwa na wiki ijayo, hata mkiwa jikoni mnasonga ugali.