Wasomaji Wauliza: Alama Zinapotelea Wapi?

Safu hii hujibiwa na walimu wa ushauri nasaha wa shule za sekondari. Barua za mwezi huu zimetoka Lamu na Malindi. Majina tumeyaondoa.

SWALI: Assalamu alaikum. Mwanangu yuko Kidato cha Tatu, shule ya kutwa hapa Lamu. Akitoka madrasa hula, kisha hukaa na vitabu mpaka saa nane za usiku, na saa kumi na moja nishamwamsha kwa sala. Pamoja na yote hayo, hesabu amepata 18 kwa 100, D-. Matokeo mengine: Kiswahili B, Dini ya Kiislamu B, Jiografia C+, Kiingereza C, Biolojia C, Biashara C, Kemia D+. Babake ataka tumtafutie tuisheni ya masomo yote. Mwalimu wa nasaha aweza kutufaa, au yeye ni wa watoto watundu tu? *Mama, Langoni*

JIBU: Waalaikum salaam, mama. Mwalimu wa nasaha ni wa kila mwanafunzi, na anayemwendea mapema ndiye anayefaidi zaidi. Hatamfundisha hesabu. Atakaa naye, karatasi za mtihani ziko mezani, watafute alama zinapotelea.

Tuanze na hizo ulizotuandikia. KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, huhesabu masomo 7, na kila gredi ina pointi: A ni 12, unashuka moja moja mpaka E ambayo ni 1. Tangu mtihani wa 2023, yanayohesabiwa ni Hisabati, lugha moja aliyoifanya vizuri zaidi, na masomo mengine 5 yaliyomwendea vyema. Kwa mwanao: Hisabati 2, Kiswahili 9, Dini 9, Jiografia 7, kisha Kiingereza, Biolojia na Biashara 6 kila moja. Jumla 45, Kemia imebaki nje. Gredi ya wastani ya C huishia pointi 45. C+, ambayo ndiyo kima cha chini cha kuingilia shahada ya chuo kikuu, huanza 46. Pointi moja! Hesabu ikipanda kutoka D- hadi D+ tu, na mengine yakikaa yalipo, atafika 47. Kwa hivyo tuisheni ya masomo yote hatuiungi mkono. Itakula pesa zenu na usingizi wake kwa masomo ambayo hayajamwangusha.

Sasa mwombe alete karatasi zake mbili za mwisho za hesabu, zilizosahihishwa. Mtihani wa Hisabati una karatasi mbili, kila moja saa 2 na nusu kwa alama 100. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya alama 50, yote ya lazima. Sehemu ya pili ina maswali 8 ya alama 10 kila moja, mtahiniwa huchagua 5. Ukigawa dakika 150 kwa alama 100, kila alama ina dakika moja na nusu: dakika 75 za sehemu ya kwanza, na dakika 15 kwa kila swali la sehemu ya pili.

Kando ya kila alama aliyokosa aandike herufi moja. H, hakujua kabisa namna ya kufanya. K, alijua lakini akakosea njiani: amegeuza ishara ya kutoa, amenakili tarakimu vibaya, amekosea kusoma jedwali la logarithimu. M, muda ulimwishia. Kisha ahesabu. Kazi hii ni ya kama saa moja, na mwalimu wa nasaha akikaa naye mara ya kwanza, ya pili ataifanya peke yake.

Herufi hizo ndizo zitakazowaambia la kufanya. K zikiwa nyingi, tatizo ni namna anavyoandika. Msahihishaji hutoa alama za hatua na alama za jibu, na mwanafunzi anayeandika jibu tupu, likiwa si sahihi, hapati hata za hatua. Aandike kila mstari wa kazi, na kosa alipigie mstari mmoja badala ya kulichafua. M zikiwa nyingi, huenda aling'ang'ania swali moja la alama 3 kwa dakika 12, au alijibu maswali 7 ya sehemu ya pili akidhani atapewa yaliyo bora. Tena maswali hayo huwa na vipengele, na (a) mara nyingi ni chepesi. Akichukua alama 3 za (a) kisha akaendelea mbele, hajapoteza kitu.

H zikiwa nyingi, ndipo mwalimu wa hesabu au tuisheni inapohitajika, lakini kwa mada zilizotajwa kwa majina. Karatasi ya kwanza hutegemea zaidi mada za Kidato cha Kwanza na cha Pili. Mtoto wa Kidato cha Tatu aliyeanguka vibaya mara nyingi amebeba pengo la huko nyuma, pengine sehemu, uwiano au aljebra ya mwanzo, na kila kinachojengwa juu yake kinayumba. Achukue mada mbili kwa mwezi, dakika 40 kwa siku, siku 5 za wiki, akifanya maswali kwa kalamu. Kusoma hesabu kwa macho hakumwingizii kitu.

Hilo la saa nane za usiku, mama, ndilo linalotutia wasiwasi kuliko D-. Kijana wa umri wake anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, naye anapata 3. Ubongo huyapanga na kuyahifadhi ya mchana wakati amelala. Alale saa tatu na nusu, aamke saa kumi na moja na nusu, na zile dakika 40 za hesabu azifanye baada ya sala ya alfajiri, akili ikiwa haijachoka. Mkiona wiki ya kwanza anasema "nitabaki nyuma", msilegeze.

SWALI: Niko bweni, shule moja ya Malindi, Kidato cha Nne. Nikikaa kwenye mtihani moyo huenda mbio, viganja hutoa jasho, na karatasi naiona kama haina maandishi. Wenzangu hunipa muguka, majani ya kutafuna, wakati wa prepu (masomo ya usiku) ili nisisinzie. Nataka kumwambia mwalimu wa nasaha, lakini naogopa yatafika chumba cha walimu. *Mtahiniwa*

JIBU: Kabla ya kusema lolote, muulize mwalimu: "Nitakayokueleza yanabaki kati yetu?" Mshauri anayeijua kazi yake atakujibu kwamba ndiyo, isipokuwa katika mambo matatu: ukiwa katika hatari ya kujidhuru, ukiwa na nia ya kumdhuru mwingine, au kama kuna mtu anayekudhulumu. Hapo lazima amhusishe mtu wa kukulinda, na anapaswa kukwambia kwanza ni nani. Woga wa mtihani haumo katika hayo matatu. Kuhusu muguka, muulize wazi shule inasemaje kabla hujafika huko. Ikiwa anayeshughulikia nasaha ndiye huyo huyo anayeshughulikia nidhamu, una haki ya kuomba mwalimu mwingine. Sisi tunaona shule inayompa mtu mmoja kazi zote mbili imeifunga milango ya ofisi ya nasaha kwa mkono wake.

Sasa moyo wako. Mwili ukihisi hatari humwaga adrenalini, moyo unaongeza kasi, na akili inaacha kusoma inatafuta pa kukimbilia. Maandishi yapo, na uliyosoma yapo. Unachohitaji ni dakika mbili. Vuta pumzi kwa puani ukihesabu hadi 4, itoe polepole ukihesabu hadi 6, mara 10. Kutoa kurefu kuliko kuvuta ndiko kunakopunguza kasi ya moyo. Kisha andika jina na namba yako ya mtihani, pitia maswali, uanze na lile unaloliweza hata kama ni la 9. Usingoje siku ya KCSE. Kila Jumamosi fanya karatasi moja nzima kwa muda ule ule wa mtihani, umekaa mezani, pasi na daftari, ili mwili uzoee.

Na muguka ndio unaokuchongea. Ndani ya majani yake mna kathinoni, kichangamshi kinachopandisha mapigo ya moyo na kufukuza usingizi. Yaani unaingia mtihani na moyo ulioshaanza kwenda mbio, juu ya usiku usiolala, halafu unashangaa karatasi kuwa nyeupe. Ukiacha, siku chache za mwanzo tazamia kusinzia, hasira za karibu na huzuni; hupita kadiri usingizi unavyorudi. Usiache wiki ya mtihani. Acha sasa. Hama kiti cha prepu kama wanaokugawia wako jirani, na wakikuuliza, sema daktari amekukataza kwa ajili ya moyo.

Ukikosa usingizi siku mbili mfululizo, ukisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au ukiwaza kufa, nenda kwa mwalimu au matroni siku hiyo hiyo, hata usiku. Namba ya bure ya kusaidia watoto nchini ni 116, usiku na mchana. Simu haziruhusiwi bweni, basi mwombe matroni akupigie.

SWALI: Binti yangu anatarajia C katika KCSE, labda C+ akijaliwa. Yeye ataka uuguzi. Nataka arudie mtihani apate shahada. Nasikia pia kuna watu wanaolipwa kukujazia fomu za KUCCPS, wanaogawa nafasi za vyuo. *Baba, Muyeye, Malindi*

JIBU: Ndugu yetu, mfumo wa 8-4-4 (miaka 8 ya msingi, 4 ya sekondari, 4 ya chuo kikuu) unafikia ukingoni, KCSE ya mwisho ya mfumo huo ni ya 2027. Kurudia kumekuwa bahati nasibu. Na uuguzi una mlango mwingine. Diploma ya uuguzi KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba, huingilika kwa wastani wa C, pamoja na C ya Biolojia, C ya Kiingereza au Kiswahili, na C- ya Kemia, Fizikia au Hisabati. Akimaliza na kusajiliwa, anaweza kuendelea hadi shahada. Kwa hivyo mezani wekeni gredi za masomo hayo, kabla ya wastani. Msichana mwenye wastani wa B- lakini Biolojia D+ hataingia; wa C mwenye Biolojia C ataingia foleni.

Hata akipata C+, shahada haipimwi kwa wastani pekee. KUCCPS huangalia pointi za kundi la masomo 4 yanayohusiana na kozi, zikipimwa juu ya 48, na ndiyo sababu wanafunzi wawili wa gredi moja hupata majibu tofauti. Ajaze nafasi zake zote, na zisiwe zote za kozi yenye ushindani mkali. Ya kwanza iwe anayoitamani, za mwisho ziwe anazofikia bila shida.

Wanaojazia watu fomu kwa malipo waepukeni. Binti mwenyewe anaweza kuingia kwenye tovuti ya KUCCPS kwa namba yake ya mtihani, mwaka, na namba ya KCPE (mtihani wa darasa la nane) au ya cheti cha kuzaliwa. Ada rasmi ni shilingi 1,500. Mambo mara nyingi huharibikia saiba, yaani duka la intaneti: kijana wa huko anabaki na nywila, au anaweka namba yake ya simu, na mwanafunzi hajui kozi imebadilishwa mpaka majibu yatoke. Nywila aiweke yeye, simu iwe yake au yako, na akimaliza achapishe ukurasa wa chaguo alizozijaza. Wiki hii pia linganisheni jina la cheti cha kuzaliwa na alilosajiliwa nalo kwa KCSE, herufi kwa herufi. Likitofautiana, lirekebisheni sasa akiwa bado shuleni.

SWALI: Mtoto wa Gredi ya 9, Faza, apenda bahari na mashua. Achague mkondo gani? *Mjomba*

JIBU: Sekondari ya juu ina mikondo mitatu: STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, Sayansi za Jamii, na Sanaa na Michezo. Ndani ya STEM kuna somo la Teknolojia ya Bahari na Uvuvi. Mwanafunzi huchagua masomo matatu juu ya yale ya lazima, ila si kila shule hufundisha yote. Ulizeni shule yenyewe kama ina mwalimu wa somo hilo kabla ya kuiandika. Na wa STEM husoma Hisabati nzito kuliko ya mikondo mingine.

SWALI: Nilijifungua miezi minne iliyopita, nilikuwa Kidato cha Pili. Nataka kurudi shule ya kutwa, Ganda. Mama atabaki na mtoto. Naogopa kukataliwa. *Msichana*

JIBU: Hongera kwa kutaka kurudi, binti yetu. Wizara ya Elimu ina mwongozo wa 2020 wa kuwarejesha shuleni wanafunzi waliojifungua, na shule haipaswi kukufungia mlango kwa sababu hiyo. Nenda na mama, mbebe cheti cha kuzaliwa na ripoti yako ya mwisho, mumuone mwalimu wa nasaha kwanza, yeye awapeleke kwa mwalimu mkuu. Mkikataliwa, ombeni sababu kwa maandishi, mwende nayo ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, Malindi. Ukiona huwezi kukaa na wenzako wa zamani, omba msaada wa kuhamia shule nyingine. Na ikiwa aliyekupa mimba alikulazimisha au ni mtu mzima, mwambie mwalimu huyo; kuna namba ya bure ya kuwasaidia waliodhulumiwa kijinsia, 1195.

Mtoto anahitaji maziwa ya mama pekee mpaka miezi 6, kwa hiyo panga hivi: mnyonyeshe kabla ya kutoka, kamua ya asubuhi uyaache kwenye chombo kilichochemshwa chenye kifuniko. Nje ya friji hukaa kama saa 4, lakini kwa joto la Malindi usiyafikishe huko. Jirani mwenye friji atawafaa. Mwombe mwalimu wa nasaha chumba chenye mlango unaofungwa, dakika 20 wakati wa mapumziko, ukamue. Ukipitisha siku nzima bila kukamua, matiti yatajaa yaume, yanaweza kuvimba kwa homa, na maziwa yatapungua. Walimu wa masomo hawana haja ya kujua unakokwenda. Inatosha wajue umeruhusiwa.