Mkimbizi aliyefika Marekani hahitaji grini kadi ili aajiriwe

Hapana ndugu, meneja anayesema mkimbizi haajiriwi bila grini kadi (kadi ya ukaazi wa kudumu) amekosea. Aliyeingia Marekani kama mkimbizi anaruhusiwa kufanya kazi tangu siku anayotua. Grini kadi yenyewe haombi mpaka atimize mwaka mmoja nchini. Kwenye fomu I-9 ya kuthibitisha ruhusa ya kufanya kazi, ambayo kila mwajiri lazima aijaze, I-94 (rekodi ya kuingia nchini) yenye mhuri wa mkimbizi au iliyochapwa ikiwa na alama RE hupokelewa kama stakabadhi, yaani uthibitisho wa muda, kwa siku 90. Kabla hazijaisha alete kibali cha kazi chenye picha, au kitambulisho cha jimbo (leseni ya udereva pia sawa) pamoja na kadi ya Social Security (hifadhi ya jamii) isiyo na maandishi ya kuzuia kazi. Hapa ndipo wengi hukwama: wanakaa nyumbani kungoja kibali kije kwa posta, kumbe hizo kadi mbili zinatosha! Hata namba ya Social Security ikichelewa, anaanza kazi huku akiisubiri.

Karatasi gani aonyeshe ni uamuzi wa mfanyakazi. Mwajiri akimdai grini kadi kwa sababu ni mgeni, anavunja sheria. Malalamiko hupelekwa bure IER, kitengo cha Wizara ya Sheria, ndani ya siku 180, na wakalimani wapo.

Ila usichanganye na mtu aliyeomba hifadhi akiwa tayari ndani ya Marekani na bado hajajibiwa. Huyo hagusi kazi mpaka apate kibali mkononi.